Kulinganisha na Kupanga Sehemu Zenye Asili Tofauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayoulizwa zaidi na wanafunzi wa shule za msingi hapa Tanga, pamoja na wazazi wanaowasaidia nyumbani, pale somo la hesabu linapofika kwenye kulinganisha na kupanga sehemu ambazo asili zake hazifanani. Katika majibu yote, kiasi ni namba iliyo juu ya mstari, asili ni namba iliyo chini yake, na KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika.

Kwa nini 1/8 ni ndogo kuliko 1/5, wakati 8 ni kubwa kuliko 5?

Kwa sababu asili haihesabu vipande ulivyonavyo, bali inataja idadi ya vipande sawa ambavyo kitu kizima kimegawanywa. Mkate mmoja wa kumimina ukigawiwa watu 5, kila mmoja anapata kipande kikubwa zaidi kuliko pale mkate uleule unapogawiwa watu 8. Kadiri asili inavyoongezeka, ndivyo kipande kimoja kinavyopungua.

Mtoto anayesema kwamba 1/8 ni kubwa si mzembe. Tangu alipoanza darasa la kwanza amefundishwa, na kwa haki kabisa, kwamba 8 inaizidi 5, na sasa anakutana kwa mara ya kwanza na namba mbili zilizoandikwa pamoja ambazo kila moja ina kazi yake. Anahitaji muda, na anahitaji kuona vitu vikigawanywa mbele ya macho yake, kabla ya kupewa kanuni yoyote.

Je, ninaweza kulinganisha sehemu kwa kuzitazama tu, bila kukokotoa?

Mara nyingi unaweza, na ni vizuri uanze hivyo kila mara. Mwanafunzi anayekimbilia kutafuta KDS kabla ya kuzitazama sehemu zenyewe hupoteza muda, na akikosea katika kuzidisha hana njia ya kugundua kwamba jibu lake haliwezekani.

Ikiwa asili ni moja, kama katika 5/9 na 7/9, vipande ni vya ukubwa mmoja, hivyo mwenye vipande vingi ndiye mwenye kingi. Ikiwa kiasi ni kimoja, kama katika 3/7 na 3/10, idadi ya vipande ni ileile lakini vipande vya 3/7 ni vikubwa zaidi, kwa hiyo 3/7 ndiyo kubwa. Hali hizi mbili kila mwanafunzi anapaswa kuzijibu papo hapo.

Hali ya tatu ni ya kutumia nusu kama kipimo. Tuseme umepewa 4/9 na 6/11. Nusu ya 9 ni 4 na nusu, kwa hiyo 4/9 haijafika nusu. Nusu ya 11 ni 5 na nusu, kwa hiyo 6/11 imeshaipita nusu. Basi 6/11 ni kubwa, na hukuhitaji kuandika chochote daftarini. Njia hii haitoshi pale sehemu zote mbili zinapokuwa upande mmoja wa nusu, lakini hata hapo inakusaidia kukagua jibu ulilolipata kwa njia nyingine.

Hali ya nne ni ya kutazama kile kinachopungua ili sehemu ifike moja kamili. Sehemu ya 7/8 imepungukiwa na 1/8, na sehemu ya 9/10 imepungukiwa na 1/10. Kwa kuwa 1/10 ni ndogo kuliko 1/8, sehemu ya 9/10 imekaribia zaidi moja kamili na ndiyo kubwa. Hata hivyo ni lazima kuwa mwangalifu, kwa sababu njia hii ni nyepesi pale tu mapungufu yenyewe yanapolinganishika kwa urahisi. Ukipewa 5/7 na 7/10, mapungufu ni 2/7 na 3/10, na kuyalinganisha hayo kunahitaji kazi ileile uliyokuwa ukiikwepa. Katika mfano huo, tumia KDS moja kwa moja: 50/70 na 49/70, hivyo 5/7 ni kubwa kwa 1/70 tu.

KDS inafanya kazi gani hasa, na ninaitafutaje?

Vipande vya ukubwa tofauti haviwezi kuhesabiwa pamoja. Vipande 5 vya sudusi, yaani 1/6, na vipande 3 vya robo havilinganishiki kwa kutazama namba 5 na 3, kwa kuwa sudusi si robo. KDS inatuwezesha kuvikata vipande vyote upya hadi viwe na ukubwa mmoja, kisha tunahesabu vipande kama namba za kawaida. Hakuna kingine kilichofichwa ndani ya njia hii.

Tuchukue 5/6, 3/4 na 7/9. Andika kila asili kama zao la namba tasa: 6 ni 2 × 3, 4 ni 2 × 2, na 9 ni 3 × 3. Chukua kila namba tasa kwa mara nyingi zaidi ilizotokea katika asili mojawapo. Namba 2 imetokea mara mbili katika 4, na namba 3 imetokea mara mbili katika 9, kwa hiyo KDS ni 2 × 2 × 3 × 3, yaani 36.

Sasa badili kila sehemu iwe na asili ya 36. Asili ya 6 inaingia katika 36 mara 6, hivyo 5/6 inakuwa 30/36. Asili ya 4 inaingia mara 9, hivyo 3/4 inakuwa 27/36. Asili ya 9 inaingia mara 4, hivyo 7/9 inakuwa 28/36. Kuanzia ndogo hadi kubwa, mpangilio ni 3/4, 7/9, 5/6.

Wengine huuliza kwa nini thamani haibadiliki wakati namba zote zimebadilika. Unapozidisha kiasi na asili ya 3/4 kwa 9, umekata kila robo katika vipande 9 vidogo: kitu kizima sasa kina vipande 36, nawe una 27 kati ya hivyo. Hakuna kilichoongezwa wala kilichoondolewa. Ndiyo maana ni lazima kuzidisha juu na chini kwa namba moja. Anayezidisha asili peke yake na kuacha kiasi kilivyo amekata vipande na kuvitupa vingi kati ya hivyo.

Je, ni lazima itumike KDS, au kigawe chochote cha shirika kinatosha?

Kigawe chochote cha shirika kinatosha. Ukizidisha asili za mfano uliopita, 6 × 4 × 9, utapata 216, na sehemu zitakuwa 180/216, 162/216 na 168/216. Mpangilio ni uleule. KDS inapendelewa kwa sababu namba zake ni ndogo na makosa ya kuzidisha hupungua.

Njia ya kuzidisha kwa kupishana ni sahihi? Mbona watoto wengi hukosea wanapoitumia?

Ni sahihi. Kulinganisha 4/7 na 5/9, unazidisha kiasi cha huku kwa asili ya kule: 4 × 9 ni 36, na 5 × 7 ni 35. Kwa kuwa 36 inaizidi 35, 4/7 ni kubwa kuliko 5/9. Ukitazama kwa makini utaona kwamba 36 na 35 ni viasi ambavyo ungevipata kama ungebadili sehemu zote mbili ziwe na asili ya 63: 36/63 na 35/63. Njia hii, kwa hiyo, ni ileile ya kusawazisha asili, isipokuwa asili ya 63 haikuandikwa.

Hapo hasa ndipo penye tatizo. Mtoto aliyefundishwa kupishanisha bila kuelezwa kwamba kuna asili ya 63 iliyoachwa kuandikwa, husahau zao lipi ni la sehemu ipi, akaandika 36 upande wa 5/9 na kutoa jibu lililo kinyume. Kanuni ya kushika ni kwamba zao huandikwa juu ya kiasi kilichotumika kulipata: 36 huandikwa juu ya 4, na 35 juu ya 5. Kwa maoni yangu, njia hii isifundishwe kabla mwanafunzi hajaweza kusawazisha asili kwa ukamilifu na kueleza kwa maneno yake alichokifanya. Tena, inafaa kwa sehemu mbili. Sehemu zikifika tano, kuna jozi 10 za kulinganisha, na KDS moja hukuokoa na kazi hiyo yote.

Mwanangu anasema 3/4 na 5/6 ni sawa kwa sababu zote zimebakiza kipande kimoja. Nimwelezeje?

Kosa hili ni la kawaida sana, na lina chembe ya ukweli ambayo inafaa kuitumia badala ya kuipinga. Ni kweli kwamba kila sehemu imebakiza kipande kimoja. Kilichomponyoka mtoto ni kwamba kipande kilichobaki hapa si sawa na kilichobaki pale.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Chora kanda mbili, moja chini ya nyingine, zianzie kwenye mstari mmoja wa kushoto, na kila ukanda uwe na urefu wa miraba 24. Kama ukurasa hautoshi, ugeuze daftari kwa upana au uunganishe kurasa mbili. Ukanda wa juu ugawe kwa wino katika vipande 4, kila kimoja miraba 6. Ukanda wa chini ugawe katika vipande 6, kila kimoja miraba 4. Mpe mtoto penseli ya rangi apake vipande 3 vya ukanda wa juu na vipande 5 vya ukanda wa chini.

Baada ya hapo usimwambie jibu. Mwulize rangi ya juu imeishia mraba wa ngapi, na ya chini imeishia wa ngapi. Atahesabu na kukuta 18 na 20. Mwulize tena imebaki miraba mingapi kila upande, naye atakuta 6 na 4. Akishaona kwamba kipande kimoja kilichobaki juu kina miraba 6 na kile cha chini kina miraba 4, amejisahihisha mwenyewe, na bila kujua ameshatumia kigawe cha shirika. Kanda za miraba 24 zinafaa kwa sababu 24 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12, ambazo ni asili zinazotokea mara nyingi katika mazoezi.

Mtoto wangu amesikia madrasa mafungu ya mirathi: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Anaweza kuyapanga kwa njia hizihizi?

Anaweza, na ni zoezi zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni, kwa kuwa mafungu haya yanatumika katika familia zetu kwa jambo zito. Mafungu sita yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa ni 1/2, 1/4, 1/8, 2/3, 1/3 na 1/6. Asili zake ni 2, 4, 8, 3 na 6, na KDS yake ni 24, kwa sababu 8 inahitaji 2 × 2 × 2 na asili ya 3 inaongeza 3 moja. Kwa mpangilio wa mafungu niliyoyataja, sehemu zinakuwa 12/24, 6/24, 3/24, 16/24, 8/24 na 4/24. Kuanzia fungu dogo hadi kubwa ni thumuni, sudusi, robo, theluthi, nusu, theluthi mbili.

Mwanafunzi anaweza kuona faida ya kusawazisha asili katika mfano mmoja. Mtu amefariki akiacha mke, mama na mtoto wa kiume. Mke hupata thumuni kwa kuwa kuna mtoto, mama hupata sudusi, na mtoto wa kiume huchukua kinachobaki. Thumuni na sudusi haziwezi kujumlishwa zikiwa hivyo zilivyo. Zikibadilishwa, mke ana 3/24, mama ana 4/24, na mtoto anabaki na 17/24. Mali ikigawanywa katika mafungu 24 yaliyo sawa, kila mmoja anajua idadi ya mafungu yake, na hakuna anayeweza kudai kwamba sudusi ni ndogo kuliko thumuni kwa sababu 6 ni ndogo kuliko 8.

Wanazuoni wa mirathi kwa kawaida huanza hesabu zao kwa moja ya asili saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Mwanafunzi anayejua KDS ataona mara moja kwamba zote zinatokana na mafungu yale sita, yakichukuliwa peke yake au yakikutanishwa. Nani anarithi na nani anazuiwa ni suala la kuulizwa kwa wenye elimu hiyo; hapa tunazungumzia hesabu peke yake.

Je, inawezekana nusu ya kitu ikawa ndogo kuliko robo?

Kama namba, haiwezekani kamwe: 1/2 inaizidi 1/4. Lakini sehemu ya kitu hutegemea ukubwa wa kitu chenyewe, na jambo hili huwachanganya watu wazima pia. Katika vipimo vya zamani vya pwani, pishi moja ni vibaba 4. Robo ya pishi, kwa hiyo, ni kibaba kizima, ambacho ni kingi kuliko nusu ya kibaba.

Maswali ya maneno hutega wanafunzi hapahapa. Tuseme shamba moja la mkonge lina ekari 40 na limekatwa 5/8, na jingine lina ekari 60 na limekatwa 7/12. Swali likiuliza ni shamba lipi limekatwa sehemu kubwa zaidi, jibu ni la kwanza, kwa kuwa 15/24 inaizidi 14/24. Swali likiuliza ni wapi zimekatwa ekari nyingi zaidi, jibu ni la pili, kwa kuwa 5/8 ya ekari 40 ni ekari 25, na 7/12 ya ekari 60 ni ekari 35. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake. Kabla ya kulinganisha sehemu, msomaji ajiulize: ni sehemu ya nini?

Nifanyeje ikiwa kuna namba mchanganyiko, au sehemu ambazo kiasi kinazidi asili?

Toa kwanza namba nzima. Ukipewa 2 na 3/5, 2 na 5/8, pamoja na 19/8, geuza 19/8 iwe 2 na 3/8. Zote sasa zina 2, kwa hiyo unalinganisha 3/5, 5/8 na 3/8 tu. Kwa asili ya 40, hizi ni 24/40, 25/40 na 15/40, na mpangilio wa kupanda ni 19/8, 2 na 3/5, 2 na 5/8. Namba nzima zikitofautiana, kazi imekwisha kabla haijaanza: 3 na 1/9 ni kubwa kuliko 2 na 8/9.

Kwa nini nisitumie kikokotoo na kugeuza zote kuwa desimali?

Kwa matumizi ya dukani au ofisini, fanya hivyo bila wasiwasi. Sehemu za 2/3, 5/7 na 7/11 zitakupa takribani 0.667, 0.714 na 0.636, na mpangilio unaonekana wazi. Hatari iko kwenye kukadiria. Ukikadiria 2/3 kwa nafasi mbili za desimali unapata 0.67, na utadhani kwamba ni sawa na 67/100. Si sawa: kwa asili ya 300, 2/3 ni 200/300 na 67/100 ni 201/300. Sehemu zinapokaribiana sana, asili ya shirika ndiyo inayotoa hukumu isiyo na shaka. Zaidi ya hayo, mtoto asiyejua kwa nini 2/3 inazidi 7/11 hatajua kikokotoo kilipobonyezwa vibaya.

Je, kuna sehemu nyingine kati ya 2/3 na 3/4?

Zipo nyingi zisizo na mwisho. Zisawazishe ziwe 8/12 na 9/12, ambapo huoni nafasi katikati. Kisha uzifanye 16/24 na 18/24, na 17/24 inajitokeza. Ukiendelea kuongeza asili, nyingine zitajitokeza kila mara.

Kuna njia nyingine ya kupendeza. Jumlisha viasi peke yake na asili peke yake: 2 + 3 ni 5, na 3 + 4 ni 7. Sehemu ya 5/7 iko kati ya 2/3 na 3/4. Hili hutokea daima kwa sehemu mbili chanya zisizo sawa. Mwaka 1816 mtaalamu wa miamba wa Uingereza, John Farey, aliandika kuhusu tabia hii aliyoiona katika sehemu zilizopangwa kwa ukubwa, na mpangilio wa namna hiyo bado unaitwa kwa jina lake. Kwa asili zisizozidi 5, kati ya 0 na 1, mpangilio ni 1/5, 1/4, 1/3, 2/5, 1/2, 3/5, 2/3, 3/4, 4/5. Chukua zozote tatu zinazofuatana, jumlisha viasi na asili za zile mbili za pembeni, kisha rahisisha, nawe utapata ile ya katikati. Lakini mwanafunzi asije akaifanya hii kuwa njia ya kujumlisha sehemu, kwa sababu 2/3 + 3/4 ni 17/12, si 5/7.

Katika mtihani, niandike sehemu nilizopewa au zile nilizozibadili?

Andika ulizopewa, isipokuwa swali limesema vinginevyo. Zile zenye asili ya shirika ziache katika sehemu ya kazi yako. Soma pia kama swali linataka mpangilio wa kupanda, yaani kuanzia ndogo, au wa kushuka.

Kuna mazoezi ya kujipima?

Panga kila kundi kuanzia ndogo hadi kubwa: (a) 5/8, 7/12, 2/3, (b) 3/5, 4/7, 5/9, (c) 11/12, 17/18, 8/9, (d) 7/15, 9/20, 5/12, (e) 13/10, 1 na 1/4, 4/3.

Majibu ni haya. Kwa (a), KDS ni 24 na mpangilio ni 7/12, 5/8, 2/3. Kwa (b), KDS ni 315, lakini huihitaji: kila sehemu imeizidi nusu, 3/5 kwa 1/10, 4/7 kwa 1/14 na 5/9 kwa 1/18, hivyo mpangilio ni 5/9, 4/7, 3/5. Kwa (c), tazama mapungufu ya 1/12, 1/18 na 1/9, upate 8/9, 11/12, 17/18. Kwa (d), KDS ni 60 na mpangilio ni 5/12, 9/20, 7/15. Kwa (e), linganisha 3/10, 1/4 na 1/3 baada ya kutoa namba nzima, upate 1 na 1/4, 13/10, 4/3.